Mluzi Chini ya Besi

Ulikuwa mluzi mwembamba, kama wa birika lililokaribia kuchemka likasita, na yule mama kijana aliyeusikia usiku wa manane alijua jikoni hakuna birika motoni, maana ni yeye aliyelisuuza na kulifunika kabla ya kulala. Alibaki macho wazi gizani akisikiliza. Ulitoka kifuani mwa mtoto, pale pale ubavuni pake, unaingia, unatoka, unaingia, halafu kimya kidogo ambacho ndicho kilichomtisha kuliko mluzi wenyewe, halafu unaingia tena. Akawasha taa, akamwinua mtoto, akamlaza begani, akatembea naye kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi mpaka kulipopambazuka. Kulipopambazuka mluzi ukanyamaza, kama mtu aliyekuwa akisema vibaya akasikia mlango unafunguliwa. Asubuhi mama mkwe aliweka sikio kifuani mwa mjukuu, mtoto akacheka kwa kutekenywa na nywele, bibi naye akasema, "Mwanangu, huyu mzima. Mgonjwa ni wewe, na ugonjwa wako ni hofu." Zahanati nako mchana waliweka chombo chao kifuani wasisikie kitu. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, hakumcheka. Alimwambia kifua cha namna hiyo huweza kujificha mchana, basi ukisikia usiku rekodi, uniletee siku ya miadi, ila uniletee nzima, usiikatekate, nataka nisikie anavyovuta, anavyotoa na anavyopumzika. Na ukianza kusikika mchana, alisema, hiyo miadi isahau, njoo siku hiyo hiyo.

Simu yake ilikuwa ya vibonyezo na maiki yake ilishakufa. Mumewe, fundi umeme, alikuwa kwenye mradi wa mbali, kurudi ni mwisho wa mwezi. Kwa hiyo usiku uliofuata alikwenda kumwamsha shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyelala sebuleni na laptopu na maiki iliyovalishwa soksi. Shemeji alikuwa prodyuza, mmoja wa hawa vijana wanaochipukia na muziki wao wa dansi wa kompyuta, ngoma zisizo na ngozi na magitaa yasiyo na nyuzi, na mtaani walimwita Kimya kwa sababu maneno yake ulikuwa unayahesabu. Alikuja na maiki yake, akapiga magoti kando ya kitanda, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alirekodi kwa muda mrefu. Mama mtu akadhani ni huruma. "Kesho nakuwekea kwenye memori kadi, shemeji," alisema. Kesho ikawa kesho kutwa, kesho kutwa ikawa mtondo, halafu Kimya akaacha kabisa kulala nyumbani, kila ukimuuliza mama yake unaambiwa ana kazi studio. Na miadi ilikuwa kesho.

Ndiyo maana alasiri hiyo alikuwa kijiweni na roho mkononi. Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililokalishwa ukutani, nje ya kibanda cha Fundi Spika, limenyooka upande mmoja na upande wa pili limepigwa jeki kwa tofali, hivyo anayekaa mwisho hujikuta anateleza taratibu kumwelekea jirani yake, na mabishano mengi yalianzia hapo. Yeye alikuwa na jiko lake la mkaa pembeni, birika, beseni la kuoshea vikombe na mtoto mgongoni, na ni wao waliompa jina la Mama Birika, akalipokea. Wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Breki, dereva wa gari la mizigo, aliyeliegesha hapo kungojea kazi, kichwa chake hakina hata unywele mmoja. Kamusi, karani mstaafu, mtu wa maneno mazito. Na Hewala, ambaye kazi yake hakuna aliyeijua ila ilikuwa rahisi kumpata: ungesema lolote, angekubali. Fundi Spika mwenyewe hakukaa, alisimama mlangoni na bisibisi sikioni. Kimya alikuwa na desturi ya kupita hapo kila alasiri kusikiliza kazi zake kwenye spika mbovu kuliko zote za fundi, kwa sababu, alivyosema siku moja aliyojaliwa maneno, wimbo ukisikika vizuri kwenye spika mbovu ndio umekomaa. Mama Birika alikuwa akimngoja.

— Sikilizeni hii, alisema Fundi Spika akichomeka waya. Mpya, ya Kimya. Imetoka majuzi na kila duka linaipiga.

— Wewe unapima spika au unatufungulia disko? aliuliza Breki.

— Napima. Besi ya hawa watoto ndiyo mizani yangu. Spika ikiivumilia hii, hata hotuba ya mwaka mzima itaivumilia.

Ngoma ikaanza, kavu, ya kugonga moja kwa moja. Besi ikaja chini yake, benchi likatetemeka, Kamusi akateleza kumwelekea Hewala. Halafu chini ya besi, mwembamba, ukaingia mluzi.

Mama Birika alikuwa akimimina. Kikombe kikajaa, kahawa ikashuka kwenye sahani, ikashuka kwenye kiatu cha Breki.

— Dada, alisema Breki akivuta mguu, mimi sikukuudhi. Na siku zote mkono wako wa birika, leo umefungulia bomba.

Wakacheka. Yeye hakusikia. Aliusikiliza mluzi aliokesha nao, akautambua kama unavyotambua shati la nyumbani kwako kwenye kamba ya jirani, ila Kimya alikuwa ameukatakata, unaingia mara mbili kabla ya kutoka, unakimbizwa mwendo wa ngoma, na kile kimya kidogo hakimo kabisa, mahali pake amepigilia kofi. Na jambo lingine likamjia hapo hapo, kwamba jana mama mkwe alikuwa akichambua mchele huku akivumisha kitu puani, kizuri tu, kinachoingia mara mbili na kutoka mara moja, na yeye akapita na beseni la nguo akidhani ni tangazo la redioni. Kumbe bibi alikuwa akimwimba mjukuu wake.

— Hicho kinacholia hapo ndani ni nini? aliuliza Breki. Hicho chembamba.

— Ni breki ya upepo, alijijibu mwenyewe. Ya lori. Bomba limepata tundu dogo. Nimekaa nazo maisha yangu yote, siwezi kukosea.

— Hewala, alisema Hewala. Breki hiyo.

— Si breki, alisema Kamusi, na akangoja waulize. Hawakuuliza. Akaendelea. Ni zumari la mfupa. Ala ya kale, ya kabla ya kale. Limechimbuliwa, likasafishwa, na huyu kijana amepewa kibali cha kulirekodi.

— Kibali na nani?

— Na wahusika.

— Wahusika gani hao wamwite Kimya, mtu hata salamu haitiki?

— Ndiyo sababu. Wahusika hawapendi domo kaya. Ingekuwa wewe, lingeshajulikana mpaka mfupa wa nani.

— Hewala, wahusika wapo, alisema Hewala.

Fundi Spika akatoa bisibisi sikioni, akaitumia kuwanyamazisha.

— Ndugu zangu, ni programu. Siku hizi mtoto anarekodi mlango wa friji, anauvuta, anaunyonga, unatoka tarumbeta. Hakuna mfupa wala lori.

— Basi mbona ukifika huo mluzi mwili unanisisimka? aliuliza Breki. Friji haijawahi kunisisimua. Nywele zinasimama kabisa.

— Nywele zipi?

— Za mikononi. Acha ufundi wako uishie kwenye spika.

Mama Birika alisuuza kikombe ambacho kilikuwa safi. Alitaka kusema, maneno yakafika kwenye meno yakarudi, angesema nini, kwamba hicho mnachokitikisia vichwa ni mwanangu, wangemtazama kama mama mkwe anavyomtazama, maskini, uzazi wa kwanza. Akajipapasa mgongoni. Mtoto alikuwa amelala, joto la kawaida, mgongo unapanda na kushuka, na haikusikika sauti yoyote. Mchana, kama kawaida, hakuna ushahidi.

— Mimi nitawaambia mnalokwepa kusema, alisema Kamusi akishusha sauti. Tangu wimbo huu utoke, mabando ya simu yanaisha upesi. Mmeliona hilo?

— Langu limekatika asubuhi, alisema Hewala.

— Hilo ndilo jibu. Ule mluzi ni alama. Masikio hayaielewi, simu inaielewa. Kila ukilia, simu inafungua mlango, bando linamwagika.

— Kwa hiyo Kimya anatuibia? aliuliza Breki.

— Kimya hajui. Kimya anatumiwa.

— Anatumiwa na nani, wahusika?

— Umeanza kuelewa.

Breki akainama mbele, kikombe kati ya magoti.

— Basi nami niseme niliyoyaona. Nilipeleka mzigo pale wanapopaita studio, nikachungulia dirishani. Kijana amekaa, mikono mapajani, hagusi kitu. Laptopu inajifanyia yenyewe. Mistari inapita, inapanda, inashuka, yeye anatazama tu kama mtu anayemlinda mgonjwa. Nawaambia, huyu Kimya hatungi chochote. Mashine inatunga.

— Na huo mluzi?

— Mashine inapumua.

Wakapiga funda moja moja.

— Hilo ni baya, alisema Kamusi. Kitu kikishaanza kupumua hakikawii kudai likizo.

— Na mafao, alisema Hewala.

— Na ikistaafu itakuja kukaa hapa benchini, alisema Breki, na wewe Kamusi uteleze uiangukie.

Fundi Spika alikuwa ameshabadilisha wimbo. Ule mmoja, aliwaeleza, ulikuwa umeshazaa rimiksi tatu, kila prodyuza anayetafuta jina mjini ameuchukua akaupika upya. Ya kwanza iliongezwa mwendo mpaka ikawa kama pikipiki inayokosa breki, Breki akaisifu. Ya pili ilitiwa makofi na sauti ya mwanamke anayesema neno moja tu, twende, twende, bila kusema wapi, Kamusi akaichukia kwa sababu hiyo. Ya tatu ilikuwa ya Binti Waya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, kazi zake hufika tu kwenye simu za watu. Hiyo ilikwenda polepole, besi yake inatembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa na hataki imwagike.

— Hii ndiyo kazi, alisema Fundi Spika. Huyu binti atawafunga watoto hawa midomo.

— Haichezeki, alisema Breki.

— Haichezeki na wewe. Kuna watu wana viuno.

Lakini ilipokaribia kuisha, mkono wa fundi ukaruka, akaizima.

— Unazima nini sasa?

— Hapo mwisho hatari. Hii rimiksi inatoboa spika.

— Inatoboa vipi?

— Besi yake ni ya chini mno, inapasua koni, ile karatasi ya ndani ya spika. Kila spika niliyoiwekea hii mpaka mwisho, ikifika mwisho inavuja upepo. Ya kwanza nikadhani imekuja mbovu, nikaigundisha. Nikaleta nyingine, nzima kabisa, ikavuja vilevile. Nikaigundisha nayo. Hata ile kubwa ya ukumbini, ya watu. Sasa nimejifunza, naizima kabla haijatoboa.

— Umegundisha ngapi?

— Usiniulize ngapi.

Ndipo Kimya akatokea. Alikuja akiwa amevaa hedifoni shingoni, macho mekundu, akasimama karibu na spika mbovu kuliko zote kama kawaida yake, akamwona aliyekuwa nyuma ya birika, akatazama chini.

— Mwenye mashine huyo, alisema Breki. Kijana, tutoe roho juu. Huo mluzi ni nini?

— Sauti tu, alisema Kimya.

— Sauti ya nini?

— Sauti.

— Mmeona? alisema Kamusi. Amefundishwa.

Mama Birika alimmiminia kahawa ambayo hakuiagiza. Alipompa kikombe hakukiachia.

— Shemeji, alisema kwa chini. Ile rekodi.

— Ndiyo, shemeji.

— Miadi kesho.

— Najua.

— Iko wapi?

Kimya aliitazama spika.

— Imo humo.

— Humo umeikatakata. Daktari anataka nzima, nilikwambia usiku ule, nzima.

— Nzima niliifuta. Laptopu ilijaa, ikawa inakwama, nikafuta vitu. Nilidhani umeshapeleka.

— Ningepeleka nini, Kimya? Hukunipa.

Kimya akasema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba:

— Usiku ule nilipovaa hedifoni sikumsikia mtoto, shemeji. Nilisikia wimbo. Nikaufanya mpaka asubuhi. Nilipomaliza kuutoa, ndipo nikaanza kumsikia mtoto. Sasa kila mahali ukipigwa namsikia. Ndiyo maana silali nyumbani, kule anasikika bila spika.

Mama Birika aliachia kikombe. Angekuwa na hasira angeitumia, lakini hofu ilikuwa imechukua nafasi yote, alikuwa akiwaza kesho tu, daktari na macho yake ya usingizi, na yeye amesimama mbele yake mikono mitupu akieleza kwa mdomo, unaingia hivi unatoka hivi, kama mwenda wazimu anayeiga filimbi.

Wakati huo akaja mtu ambaye hawakumjua. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, ukosi na nywele zake vina madoa meupe, na mkononi alibeba redio iliyofungwa kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

— Hamjambo. Fundi ni nani hapa?

— Hatujambo. Fundi mimi. Ina nini?

— Inakwaruza.

Fundi Spika akaifungua taulo, akaitikisa redio, akaisikiliza ikiwa imezimwa, jambo ambalo aliamini linasaidia.

— Koni imekwenda. Ngoja nikuonyeshe, maana nyinyi wateja mkiambiwa tu hamwamini. Kuna wimbo mmoja ukifika mwisho unafichua kila tundu. Spika nzima siziwekei, zinatoboka. Hii yako imeshatoboka, haina cha kupoteza. Acha iende mpaka mwisho.

Akachomeka waya kwenye redio. Rimiksi ya Binti Waya ikaanza kutembea na ndoo yake. Redio ilikwaruza kweli, lakini ilijitahidi. Breki akaendelea kubishana na Kamusi kama mashine ikistaafu itapokea mafao kwa jina la nani. Wimbo ukafika pale ambapo mkono wa fundi huruka, na safari hii mkono haukuruka. Makofi yakaondoka. Ngoma ikaondoka. Besi ikashuka, ikashuka, ikaisha. Ukabaki mluzi peke yake, bila kitu juu yake wala chini yake, kwa mwendo wake mwenyewe. Unaingia. Unatoka. Unaingia. Halafu kimya kidogo. Halafu unaingia tena.

Mama Birika alitua birika chini.

— Umesikia? alisema Fundi Spika. Hapo. Inavuja.

Mpaka rangi alikuwa ameinamisha kichwa.

— Hapana, alisema. Huyu ni mtoto.

— Mtoto gani?

— Huyu hapa. Anavuta pumzi kwa shida. Wangu alikuwa hivi hivi, nimekesha naye sana, naujua.

Mluzi ukaenda mpaka mwisho wake, kitanda kikalia mahali fulani ndani ya rekodi, sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali ikisema, lala baba, lala. Kisha redio ikabaki na mkwaruzo wake.

— Alipona? aliuliza mpaka rangi.

— Wako? alisema Breki.

— Wangu alitibiwa, yuko shule, anapanda kila kitu chenye tawi. Nauliza huyu. Alipona?

Breki alitazama ndani ya kikombe chake. Hewala akasema, "He," akaishia hapo, kwa sababu hapakuwa na cha kukubali. Kimya alikuwa ameshika hedifoni zake kwa mikono miwili kama siku ile alivyoshika maiki.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Birika.

— Imekwisha saa ngapi, dada? alisema Breki. Hujatuzungushia hata—

— Imekwisha.

Alilishika birika akaliinua, bado zito, akalimwaga kando ya ukuta, kahawa ikaenda kwenye mfereji ikitoa moshi, wote wakaitazama ikienda. Kisha akamgeukia shemeji yake.

— Ile ya mwisho, alisema. Isiyo na ngoma. Huyo binti ameitoa wapi?

— Nilimtumia faili zote ili afanye rimiksi, alisema Kimya. Na ile nzima. Nilisahau kwamba nilimtumia. Sikujua ameiacha pale, sikuweza kusikiliza mpaka mwisho.

— Haijakatwa?

— Haijaguswa. Sauti yako imo.

Mama Birika akaichomoa memori kadi kwenye simu yake ya vibonyezo kwa ukucha, ikamponyoka, akaiokota, akaipeleka mlangoni kwa fundi.

— Niwekee hiyo.

— Mama Birika, nawe umeingia dansi? Hii itaitoboa simu yako.

— Itoboe.

Fundi akaipokea. Alikuwa ameinamia waya zake, na kule benchini Breki alikuwa ameanza tena, kwa sauti ya chini isiyo na nguvu, kwamba hata hivyo breki ya upepo ikivuja polepole inaweza kufanana na mtoto, pale mtoto alipoamka mgongoni. Labda ni moshi wa mkaa, labda vumbi la gari lililopita. Akakohoa mara moja, akavuta pumzi, na mluzi ukatoka. Mwembamba, kama birika lililosita. Mchana kweupe.

Fundi Spika aliitazama redio. Ilikuwa imezimwa. Akazitazama spika zake mezani, moja moja, zote zilikuwa zimezimwa. Kisha akautazama mgongo wa mama, akautazama kwa muda, akaenda mezani akachukua chupa ya gundi iliyokuwa wazi, akaifunika kizibo, akakikaza.

— Chukua, alisema, akimrudishia kadi. Imeshaingia yote.

Mpaka rangi ndiye aliyesema.

— Dada, mwahi daktari.

— Miadi kesho, alisema, halafu akakumbuka alichoambiwa, ukianza kusikika mchana isahau miadi, na miguu ikawa imeshaanza kwenda kabla yake, akasimama, akarudi kwa ajili ya jiko, akaliacha, akashika beseni, akaliacha nalo.

— Gari lipo, alisema Breki akisimama, na Kamusi, aliyekuwa amemwegemea, akateleza mpaka mwisho wa benchi. Panda mbele.

— Mimi nitaangalia vikombe, alisema Hewala, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akianzisha jambo.

— Wakija watu kuuliza, niwaambie nini? aliuliza Kamusi.

— Kwamba kahawa imekwisha, alisema Fundi Spika. Wewe umesikia mara ngapi?

Walikaa watatu mbele, Breki kwenye usukani, Mama Birika katikati na mtoto sasa kifuani, Kimya mlangoni akiwa amebeba birika tupu magotini, hakukumbuka alilichukua lini. Breki, kwa mazoea tu, aliwasha redio ya gari. Ngoma kavu, besi, na chini yake mluzi uliokatwakatwa, unaingia mara mbili, unatoka mara moja. Akaizima upesi, lakini haikusaidia, kwa sababu ilipozimwa ukabaki ule mwingine ndani ya gari, wenyewe, na Breki akaendesha akiwa ameupeleka mdomo mbele kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika.

Mama Birika alikuwa akimtazama mtoto puani, midomo, puani, rangi yake ilikuwa nzuri, alikuwa akitazama dirisha. Ndani ya kiganja alibana kadi, kitu kidogo kama ukucha, na aliona ajabu kwamba mtaa mzima ulikuwa umeshamsikia mwanawe kabla ya daktari.

— Shemeji, alisema Kimya.

— Sema.

— Kaka nitamwambia mwenyewe. Akirudi.

— Mwambie.

— Na mama?

Alimfikiria mama mkwe na ungo wake wa mchele, akivumisha puani kwa furaha zake, na akaona hata akimweka chini akamwambia, bibi ataweka tu sikio kifuani mwa mtoto tena.

— Ni hawa wengine, alisema Kimya akilitazama birika. Leo usiku wananipigia wimbo ukumbini, mara ya kwanza. Watu wakijua, shemeji, hawatacheza.

— Mimi sisikii kitu, alisema Breki akitazama barabara. Gari hili lina kelele.

Geti la zahanati lilikuwa limeshaonekana, mlinzi amekaa kwenye kiti chake, mlango bado wazi. Mama Birika akamsogeza mtoto begani, akaihamishia kadi mkono wa kulia ili asihangaike kuitafuta.

— Waache wacheze, alisema. Mtaa mzima wamemsikia wasijue ni mtoto. Namwambia daktari. Baada ya daktari, mtu mwingine simwambii.